Foromali, henza na kapi: jinsi ya kufunga kamba kwenye modeli ya meli ya São Rafael, mwanzo mpaka mwisho

Naanza na hili kabla hujanunua hata uzi: kila kapi inayotakiwa kukaa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, ifungwe foromali ikiwa bado iko mezani. Sio ikishapanda. Modeli yangu ya kwanza kabisa nilipandisha foromali zote halafu ndo nikaanza kutafuta pa kufunga kapi, mkono ukiingia katikati ya kamba unagusa nyingine, kamba za mlingoti nilizokuwa nimezikaza kwa wiki mbili zikalegea upande mmoja, mlingoti ukalala kidogo, na mlingoti ukishalala hata kidogo jicho halioni kitu kingine. Nikakata zote nikaanza upya. Kwahiyo mwongozo huu wote umepangwa hivyo, kazi nyingi mezani, kazi chache chomboni.

Chombo ninachotumia hapa ni São Rafael, ile iliyokuwa chini ya Paulo da Gama, kaka yake Vasco. Walitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497, Aprili 1498 wakapita pwani yetu, Mombasa halafu Malindi, wakavuka kwenda India, na kwenye safari ya kurudi, Januari 1499, watu walikuwa wamepukutika kwa kiseyeye hata hawatoshi kuendesha vyombo vyote, wakaichoma moto São Rafael kwenye mafungu ya Mtangata, upande wa Tanga. Yaani chombo hiki kimeishia kwetu, na ndo maana nimekipenda kuliko São Gabriel, ile ya Vasco mwenyewe, ambayo kila mtu anaijenga. Milingoti ni mitatu: wa mbele na wa kati ina matanga ya mraba, wa nyuma, galme, una tanga la pembe tatu kama la jahazi. Michoro ya awali ya meli hizi haikubaki, kila anayejenga anafananisha na picha za kale na vyombo vingine vya wakati ule, kwahiyo vipimo nitakavyotoa ni vya mchoro wangu wa skeli 1:72, vyako vikitofautiana kidogo usihangaike.

Sasa kuna jambo moja lililonifungua macho. Vijitabu vinavyokuja na modeli vimejaa majina ya kigeni ya kamba, unasoma mpaka kichwa kinauma, kumbe mabaharia wa majahazi wana jina la karibu kila kitu na mfumo wenyewe wa kupandishia tanga kwenye meli hizi za 1498 ni uleule wa jahazi. Henza ni kamba nene inayoshika foromali katikati, inapanda mpaka kichwa cha mlingoti, inapita pale na kushuka upande wa nyuma. Inapoishia henza ndo ipo gofia, kapi kubwa. Chini kwenye sitaha kuna abedari, kapi ya chini iliyokazwa palepale. Na jarari ni kamba nyembamba inayozunguka kati ya gofia na abedari, hiyo ndo watu wanaivuta kwa pamoja, gofia inashuka, foromali inapanda. Ukilielewa hilo tu, nusu ya kamba za meli hii umeshazielewa, na mjomba wangu aliyesafiria majahazi miaka mingi alipoitazama modeli yangu alizitaja moja moja kwa kidole bila mimi kumwambia chochote.

Vifaa havina mambo mengi. Drili ndogo ya mkono yenye misumari ya 0.5, 0.8 na 1 mm, wembe mkali, tupa ndogo bapa na ya duara, msasa namba 240 na 400, kibano chenye ncha kali, vibanio vya nguo, gundi nyeupe ya maseremala, supagluu kidogo, nta ya nyuki. Nyuzi nunua unene wa aina nne: 0.8 mm kwa henza, 0.4 kwa jarari, 0.25 kwa kamba za ncha (zinazoshika ncha za foromali kutoka juu) na hamarawi (za kuigeuza foromali kutoka nyuma), na uzi mwembamba kabisa wa kushonea, kama 0.1, kwa kufungia. Rangi: kamba zinazosimamisha milingoti zilipakwa lami kwahiyo ni kahawia iliyokolea, na kamba zinazovutwa zibaki rangi ya katani. Uzi mweupe wa pamba ukiuloweka kwenye chai ya rangi iliyokolea usiku mzima unatoka na rangi nzuri sana, uanike ukiwa umenyooshwa na kitu kizito chini, ukikauka upitishe kwenye nta mara mbili kulaza manyoya.

Kuhusu pamba na poliesta niseme kidogo. Pamba inafanana na kamba ya kweli kuliko kitu chochote, ila kwa sisi wa pwani hewa ina maji, masika pamba inajikaza, kiangazi inalegea, na foromali iliyokuwa sawa Januari unaikuta imeinama Mei. Mi natumia poliesta kwa zile ndefu zilizonyooka, za hamarawi hasa, na pamba kwa vifungo vya kapi ambako urefu ni mdogo.

Tuje kwenye foromali zenyewe. Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanachukua kijiti kimoja cha duara, wanakichonga ncha, basi. Foromali kubwa za meli za Wareno za wakati ule zilikuwa za vipande viwili vilivyopandishana katikati na kufungwa kwa kamba, jambo ambalo mtu aliyezoea majahazi halimshangazi maana foromali ya jahazi nayo huungwa hivyohivyo, mti mmoja wa urefu ule na mnyoofu haupatikani. Foromali yangu ya mlingoti wa kati ni 200 mm, kwa kweli yake ni kama mita 14.4. Kata vipande viwili vya 130 mm, unene 3 mm, vipandishane 60 mm katikati. Ya mlingoti wa mbele ni 150 mm, vipande viwili vya 100 vipandishane 50. Zile ndogo za juu ni kijiti kimoja kimoja cha 80 mm, unene 2 mm, hazihitaji kuungwa.

Mbao chagua yenye nyuzi zilizonyooka na zilizoshikana. Vijiti vya mishikaki vya mianzi watu wanavitumia kwa sababu viko kila duka, ni vinyoofu kweli, lakini ukivichonga vinatoa nyuzinyuzi na rangi haivishiki vizuri, mi navikwepa.

Kuchonga: weka alama mahali muungano unapoishia, kuanzia hapo mpaka ncha gawa sehemu nne sawa. Usichonge mstari ulionyooka kutoka nene kwenda nyembamba, itaonekana kama penseli. Robo mbili za mwanzo punguza kidogo tu, robo ya tatu ongeza, ya mwisho ndo ipungue sana mpaka ncha iwe 1.8 mm. Kama kijiti ni cha mraba kwanza kata kona nne kiwe na pande nane halafu ndo usugue mduara kwa msasa, ukianza kusugua mduara moja kwa moja kitatoka na umbo la yai. Upande ambao vipande vitagusana usugue uwe bapa kidogo, paka gundi nyeupe, bana kwa vibanio, uache mpaka kesho. Ukikauka funga mafungu matano ya uzi wa 0.25, kila fungu mizunguko minane, moja katikati kabisa, mawili kwenye miisho ya muungano, mawili katikati yake. Mizunguko ikae ubavu kwa ubavu bila kupandana, na mwisho wa uzi uuingize chini ya mizunguko kwa sindano, usiweke fundo, fundo linavimba.

Kitu kimoja usiweke: zile kamba zinazoning'inia chini ya foromali ambazo mabaharia wanakanyaga wakikunja tanga. Nzuri kuziona, lakini zilikuja karne ya 17, hii ni chombo cha 1498. Wakati huo walishusha foromali chini wakakunjia tanga kule, kama jahazi. Kosa hili naliona hata kwenye modeli za kuuza za bei kubwa. Na ukienda makumbusho ya Fort Jesus kuangalia vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, ile iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wapiga mbizi wakaifukua kuanzia 1977 hadi 1980, nenda uone maana inafaa kuona, ila kumbuka ni chombo cha miaka mia mbili baadaye, usichukue mpangilio wake wa kamba ukauweka huku.

Kapi. Hapa ndo moyo wa kazi kwa maoni yangu, modeli yenye kapi kubwa kupita kiasi inaonekana ya kuchezea hata kama mwili umejengwa vizuri namna gani. Kanuni ninayotumia: urefu wa kapi uwe kama mara 9 hadi 10 ya unene wa kamba inayopita ndani yake. Kamba ya 0.25 inataka kapi ya 2.5 mm. Ya 0.4 inataka kapi ya 4 mm. Kapi za kununua mara nyingi ni za mraba na tundu moja katikati, ukiwa nazo zisugue kona zote zipotee, kapi ni umbo la yai lililobanwa ubavuni.

Ukitaka kuzitengeneza mwenyewe, na nakushauri utengeneze, tafuta tawi lililokauka la mchungwa au mlimau, mbao yake ni ngumu, laini, haichaniki ovyo. Pasua ukanda wa upana 2 mm na unene 1.5 mm kwa kapi za 2.5. Kwenye ukanda, kabla ya kukata chochote, piga alama kila 3 mm, ile nusu milimita ni ya msumeno. Ndani ya kila alama toboa matundu mawili ya 0.5 karibu karibu, moja juu moja chini, halafu kwa ncha ya wembe chora mfereji mdogo kutoka tundu moja hadi jingine pande zote mbili, mfereji ule unafanya macho yaone kama kuna roda, kile kigurudumu cha kapi, ndani. Ukiugeuza ubavu, pitisha tupa ya duara taratibu kutengeneza mfereji mwingine wa kukalia kitanzi. Sasa ndo ukate. Kapi zikiwa zimekatwa ziweke kwenye kopo dogo lililobandikwa msasa ndani pande zote, funga, tikisa dakika kumi huku unasikiliza redio, zikitoka kona zimelainika zenyewe. Paka mafuta ya kitani au vanishi iliyochujuliwa, isiwe ya kung'aa. Tengeneza za ziada, kama hesabu yako ni 30 tengeneza 45, zitapasuka, zitaruka sakafuni na hutaziona tena.

Kitanzi cha kapi ni uzi unaoizunguka ukakutana kwenye kichwa chake. Bana kapi kwenye kibano kilichosimamishwa, pitisha uzi kwenye mfereji, ncha zote mbili zikutane upande wa juu, halafu kwa uzi wa 0.1 zifunge pamoja mizunguko mitano karibu kabisa na kapi. Angalia jambo hili kabla hujafunga: kamba inaingia kapi kutoka tundu gani? Mwisho ambao kamba inazunguka roda uwe upande wa kichwa, pale kitanzi kinapofungwa. Ukigeuza, kamba itaonekana imekaa kinyume, wanaojua wataona mara moja. Tone la gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu linatosha. Supagluu nashauri uitumie kwenye ncha tu kuufanya uzi uwe mgumu kama sindano upite tunduni, ukiipaka kwenye kifungo inaacha doa jeusi linalong'aa na uzi unakatika kama kijiti baadaye.

Kuzifunga kwenye foromali sasa, na tuko bado mezani. Foromali ya mlingoti wa kati kwenye mchoro wangu inabeba kapi sita: mbili za kamba za ncha, mbili za hamarawi, mbili za kamba za kukunjia tanga. Chukua kipande cha mbao laini, tengeneza mifereji miwili, laza foromali pale isizunguke, na uweke alama ya penseli ipi ni juu, ipi ni mbele, ipi ni nyuma. Hii alama ni muhimu mno. Kapi za kamba za ncha zinakaa juu, milimita 4 kutoka mwisho. Za hamarawi zinatazama nyuma, nazo hazigusi foromali moja kwa moja, zinaning'inia kwenye kipande cha kamba cha 15 mm, mahali palepale pa ncha, ndani kidogo. Za kukunjia tanga ziko chini, robo ya njia kutoka katikati. Kila kitanzi kizunguke foromali mara mbili, ncha zifungwe upande usioonekana.

Kabla haijapanda tengeneza pia shanga za mlingoti, ile mikufu inayokumbatia mlingoti ili foromali ikipanda na kushuka isikwaruze. Kwa mlingoti wa kati weka safu tatu za shanga za 1.5 mm au 2 mm, zile ndogo kabisa za kahawia, na kila baada ya shanga moja vijiti bapa vyenye matundu matatu, viwe vitano au sita. Mlingoti wa mbele safu mbili zinatosha. Funga upande mmoja kwenye foromali, mwingine uache wazi.

Sasa chomboni. Milingoti iwe imesimama na kamba zake zote zimekazwa, na abedari iwe ilishagundishwa kwenye sitaha nyuma ya mlingoti tangu zamani maana saa hii mkono haufiki. Kwenye meli hii abedari ni nguzo fupi nene, yangu ni 4 mm kwa 4 mm, kimo 14 mm, ina matundu mawili yaliyotiwa roda. Gofia ni kapi kubwa ya 8 mm yenye roda mbili, na kichwani ina tundu la kukatiza ambalo henza inapita.

Toboa katikati ya foromali kwa 0.5, ingiza kipande cha waya wa shaba, na mlingoti utoboe tundu la kupokea. Watu wengine hawapendi waya kwa sababu si halisi, mi naweka, hauonekani na unakuokoa mara elfu. Shika foromali pale, funga upande wa pili wa shanga. Henza inaanzia kwenye foromali kushoto kwa waya, inapanda, inapita tundu la kushoto la kichwa cha mlingoti (toboa 1 mm), inashuka nyuma, inapita tundu la kichwa cha gofia, inapanda tena, tundu la kulia, inashuka kufungwa kwenye foromali kulia. Ni kamba moja kwahiyo inajisawazisha yenyewe. Jarari inaanzia kwenye pete ya sitaha ubavuni mwa abedari, inapanda roda ya kwanza ya gofia, inashuka roda ya kwanza ya abedari, inapanda ya pili, inashuka ya pili, na inazungushwa kichwani mwa abedari. Vuta polepole uone gofia inashuka. Kwa kweli hapo mimi huwa nasimama kidogo naangalia, maana kitu kinafanya kazi.

Swali la kimo: kama modeli yako haina matanga au yamekunjwa, usiipandishe foromali mpaka juu. Ishushe, iache kama theluthi mbili ya kimo cha mlingoti au chini zaidi, gofia iwe juu juu. Foromali iliyo juu kabisa bila tanga ni kitu ambacho baharia wa zama zile asingekiacha.

Kamba za ncha: anzia chini ya kikapu cha mlingoti (kile cha juu anachosimama mlinzi), shuka mpaka kapi ya ncha, rudi juu kwenye kapi iliyo chini ya kikapu, shuka sitahani. Fanya kushoto na kulia kwa pamoja, usimalize upande mmoja kwanza, ning'iniza kibanio cha nguo kwenye kila mwisho viwe na uzito sawa uone foromali inalala sawa na sitaha. Iache hivyo siku mbili, ndo utie gundi.

Hamarawi ziwe za mwisho, kwa sababu zinapita hewani na zitakuzuia mkono. Za foromali ya kati: anzia ubavuni nyuma kwenye tezi, nenda mbele mpaka kapi, rudi nyuma. Za foromali ya mbele: anzia kwenye ile kamba nene inayotoka kichwa cha mlingoti wa kati kwenda mbele, nenda kapi, rudi kwenye kapi nyingine iliyofungwa kwenye kamba hiyohiyo, shuka. Zikaze kiasi cha kunyooka tu, ukizidisha zitavuta kamba ile nene ipinde.

Mwisho wa kila kamba uzungushe kwenye reli au kwenye vishikio vya mbao ubavuni. Vile vijiti vya kuchomeka kwenye ubao vilienea baadaye sana, hapa sio pake. Kamba iliyobaki ikunje duara kwenye penseli, lowesha gundi iliyochujuliwa, ilaze sitahani kabla haijakauka ikae kwa uzito.

Inabaki galme, na hii kwa mtu wa pwani ni raha. Foromali yake ya 130 mm ni ya vipande viwili vilevile, nyembamba zaidi, ncha ya mbele imeinama kuelekea sitahani na ya nyuma imenyanyuka. Haina kamba za ncha. Henza moja tu, sio jozi, jarari ya roda moja, shanga safu moja, na foromali inakaa upande mmoja wa mlingoti, sio mbele yake. Henza uifunge mbele kidogo ya katikati. Ncha ya mbele funga kamba mbili za kuivuta kushoto na kulia. Demani, kamba ya kuvutia tanga, inatoka pembe ya nyuma ya tanga, inapita kapi ya 2.5 mm kwenye mti unaotokeza nyuma ya tezi na kurudi ndani, na kama hujaweka tanga ifunge kwenye foromali yenyewe pale tanga lililokunjwa linapoishia, ikiwa imelegea kidogo.